Wanawake Weusi katika Muziki wa Kisasa: Swali la Uchafu au Swali la Haki?

Hotuba kwa viongozi wa walei



Mliponiomba nizungumze juu ya muziki wa kisasa na heshima ya mwanamke, nilifahamu kwamba wengi mngetazamia nianze na nyimbo chafu. Ndiyo desturi yetu. Katika kila semina ya wazazi niliyohudhuria, mada hii inapofika, mtu husimama akaeleza video aliyoiona kwenye televisheni ya jirani, wengine huguna, kisha sote hukubaliana kwamba vijana wameharibika, na kikao hufungwa kwa sala. Leo naomba nianze mahali pengine, yaani kwenye wimbo usiokuwa na neno chafu hata moja.

Miaka mingi iliyopita nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari ya wasichana. Wahitimu walisimama mstari mmoja, wakaimba kwa Kiingereza wimbo wa mtu anayeamini kwamba anaweza kuruka angani. Wimbo huo, "I Believe I Can Fly", ulitolewa mwaka 1996 kwa ajili ya filamu ya watoto, na mwaka 1998 ulimpatia mwimbaji wake, R. Kelly wa Chicago, tuzo tatu za Grammy. Huko Marekani uliimbwa na kwaya makanisani na na wanafunzi mashuleni. Siku ile akina mama walilia, nami sitaki kuficha, nilitoa kitambaa changu. Nitaurudia wimbo huo baadaye, kwa maana ndio ulionifanya niyasome haya nitakayowaeleza.

Sisi watu wa Kanisa tumezoea kuuliza kama wimbo ni msafi au mchafu. Wapo wanawake Weusi wa Marekani ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza swali zito zaidi: biashara hii ya muziki inamtendea nini mwanamke Mweusi, na anaposema kwamba ameumizwa, ni nani atakayemwamini? Wanawake hao huitwa wanafeministi Weusi. Najua neno "ufeministi" linawashtua baadhi yetu, na wapo watakaodhani nimekuja kuwagombanisha na wake zenu. Naomba mnivumilie nieleze walikotoka.

Mwaka 1855, katika jimbo la Missouri, msichana mtumwa aliyeitwa Celia alimwua bwana wake. Bwana huyo alikuwa amemnunua akiwa na umri wa miaka kama 14, akaanza kumnajisi tangu mwanzo, na akaendelea hivyo kwa miaka mitano. Sheria ya Missouri ilikataza kumlazimisha mwanamke yeyote, na mawakili wa Celia walidai kwamba sheria hiyo inamhusu yeye pia, hivyo alikuwa na haki ya kujitetea. Hakimu hakukubali jopo lielekezwe kupima hoja hiyo. Celia alinyongwa mwezi Desemba mwaka uleule.

Jamii inayotenda jambo la namna hiyo hutafuta udhuru. Udhuru uliotungwa ni kwamba mwanamke Mweusi hawezi kunajisiwa, kwa kuwa kwa asili yake ni mtu wa tamaa. Wakampachika jina la Yezebeli, yule malkia wa Kitabu cha Wafalme. Pembeni yake wakachora picha ya pili, ya yaya mnene mwenye kitambaa kichwani, anayecheka daima na kuwapenda watoto wa bwana kuliko wake mwenyewe. Mwanasosholojia Patricia Hill Collins, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya fikra za wanawake Weusi, alieleza kwamba picha hizi ni vyombo vya utawala: humfanya anayeonewa aonekane kwamba ndiye mwenye kosa. Zilipita kwenye michezo ya jukwaani na matangazo ya biashara, zikaingia katika filamu na santuri, na hatimaye katika video ambazo watoto wetu wanazitazama.

Mwingine ni mwanasheria Kimberlé Crenshaw. Mwaka 1989 aliandika juu ya wanawake Weusi watano walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni hiyo haikuwa imewaajiri wanawake Weusi kabla ya mwaka 1964, na ilipofika wakati wa kupunguza wafanyakazi kwa kuanza na walioingia mwisho, wao ndio walioondolewa. Mwaka 1976 mahakama iliwajibu kwamba kampuni inaajiri wanawake, basi hakuna ubaguzi wa jinsia. Ilikuwa kweli, lakini wanawake hao walikuwa Wazungu wa maofisini. Na kwa upande wa rangi waliambiwa wajiunge na kesi ya Weusi wengine. Crenshaw akasema kwamba mwanamke Mweusi amesimama penye njia panda. Gari linaweza kumgonga likitoka upande wa rangi au upande wa jinsia, au yote mawili kwa pamoja, na kila dereva atamnyoshea kidole mwenzake. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie katika muziki. Mwaka 1989 kikundi cha vijana Weusi wa Miami, 2 Live Crew, kilitoa santuri ya muziki wa kufokafoka ambayo sitaisoma maneno yake hapa, wala msiende kuyatafuta. Inatosha kusema kwamba mwanamke katika nyimbo hizo ni kiungo tu cha mwili, na maumivu yake ni kichekesho. Mwezi Juni 1990 hakimu wa mahakama ya shirikisho huko Florida alitamka kwamba santuri hiyo ni chafu kisheria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya shirikisho kutoa hukumu kama hiyo juu ya santuri. Siku chache baadaye wanamuziki walikamatwa kwa kuziimba mbele ya watu wazima. Mwezi Oktoba jopo liliwaachilia, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikaifuta ile hukumu ya awali.

Angalieni walivyogawanyika watu wakati wa mashauri hayo. Upande mmoja walikuwapo watetezi wa maadili, na sauti zao zilifanana na zetu za kwenye semina: uchafu, uchafu, uchafu. Upande wa pili walikuwapo wasomi Weusi, miongoni mwao Profesa Henry Louis Gates, aliyeeleza kwamba hayo ni masihara ya jadi ya Weusi, na kwamba vijana wale wanayakuza mno maneno ya Wazungu dhidi yao ili kuyadhihaki. Crenshaw alizipima hoja zote mbili. Aliona kwamba serikali ilikuwa na upendeleo, kwa maana wachekeshaji Wazungu waliokuwa wakisema mambo mabaya kama hayo hawakuguswa, na hofu ya kale juu ya mwanamume Mweusi na tamaa zake ilikuwa imejificha nyuma ya mashtaka. Aliona pia kwamba utetezi wa utamaduni uliwaomba wanawake Weusi wabebe matusi kwa ajili ya umoja wa watu wao. Walioshtaki na waliotetea wote walizungumza juu ya wanaume wanne. Wanawake waliokuwa wakitukanwa katika nyimbo zile hawakuwa na kiti katika mjadala.

Nilipoisoma hoja hiyo kwa mara ya kwanza niliona haya kidogo. Mimi pia nimekemea nyimbo chafu mara nyingi, na sikumbuki hata mara moja nikimwuliza binti yeyote anajisikiaje anapoitwa jina lile mbele ya kaka zake.

Mtu asije akadhani kwamba katika muziki mwanamke Mweusi amekuwa akiimbwa tu na wengine. La hasha. Santuri za kwanza za bluzi kuimbwa na Mweusi zilikuwa za mwanamke: Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" mjini New York mwaka 1920, na mauzo yake yakazifunulia kampuni kwamba Weusi nao ni wanunuzi. Wakafuata Ma Rainey na Bessie Smith. Wahubiri wengi waliwakataa, wakiuita muziki wao wa shetani. Angela Davis, katika kitabu chake cha mwaka 1998, aliziandika nyimbo zote zilizobaki za hao wawili kwa kuzisikiliza kutoka kwenye santuri kuukuu, akazichambua. Alichokikuta ni wanawake wanaozungumza kwa vinywa vyao wenyewe: wanaopanda treni kwenda watakako, wanaochoka na kazi za majumbani, wanaopigwa na waume zao na kulisema jambo hilo hadharani wakati ambapo hata kanisani lilinyamaziwa. Si nyimbo zote zinazoweza kuimbwa mbele ya watoto. Lakini anayesema ndani yake ni mtu kamili, mwenye akili na hasira na utani.

Na biashara ilimtendeaje? Bessie Smith alianza kurekodi mwaka 1923, na mauzo yake yakawa msaada mkubwa kwa kampuni ya Columbia. Alilipwa fedha ya mkupuo kwa kila wimbo, bila sehemu yoyote ya mauzo. Alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1937, maelfu ya watu walimzika mjini Philadelphia, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 1970.

Tukija kwenye miaka ya 1990, habari ya fedha inazidi kuwa wazi. Bibi C. Delores Tucker, aliyeandamana na Martin Luther King na baadaye kuongoza baraza la kisiasa la wanawake Weusi, alifanya jambo ambalo wengi wetu tusingelifikiria. Baada ya kupiga kelele barabarani mbele ya maduka, alinunua hisa za kampuni ya Time Warner, akaingia katika mkutano wa wanahisa wa mwaka 1995, akasimama na kuwakemea wakurugenzi kwa nyimbo wanazoziuza. Mwaka huohuo kampuni ikaiuza sehemu yake ya Interscope, kampuni iliyokuwa ikitoa nyimbo nyingi za aina hiyo. Ulikuwa ushindi, lakini mwaka uliofuata mnunuzi mwingine mkubwa alikwisha kupatikana, na nyimbo ziliendelea kutoka katika kiwanda kilekile.

Wanawake Weusi wenyewe hawakukubaliana naye wote. Maxine Waters, mbunge wa California, aliwatetea vijana wa kufokafoka mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1994, akitaka wasikilizwe juu ya umaskini na polisi kabla ya kuhukumiwa. Mwandishi bell hooks, ambaye alipenda jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, aliandika mwaka huohuo kwamba vyombo vya habari vya Wazungu vilimtafuta ili awalaani vijana hao, na alipotaka kusema kwamba dharau kwa wanawake inafundishwa na jamii nzima, tena kwa faida ya wakubwa, hamu ya kumhoji ikapoa. Alikuwa mkali kwa vijana hata hivyo. Hakuwaondolea kosa lao. Binafsi naona Bibi Tucker alikuwa na ujasiri ambao hatuna budi kuuheshimu, na bell hooks alikuwa na macho makali zaidi.

Mwaka 2004 wasichana wa Chuo cha Spelman mjini Atlanta, chuo cha wanawake Weusi kilichoanzishwa mwaka 1881, walikabiliwa na jaribu gumu. Mwimbaji Nelly alitaka kuja chuoni kutafuta watu wa kujitolea uboho wa mifupa, kwa sababu dada yake alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu, na Weusi wanaojiandikisha kwa ajili hiyo ni wachache. Lakini alikuwa ametoa video ambamo kadi ya benki inapitishwa kwenye makalio ya mwanamke kana kwamba ni mashine ya kulipia. Wasichana walimwomba aje, na pia akubali kukaa nao wazungumze juu ya video hiyo. Wasimamizi wake walifuta ziara, na mazungumzo hayakufanyika. Dada yake alifariki mwaka 2005. Wapo waliowalaumu wanafunzi, na hata baada ya miaka mingi Nelly mwenyewe alionyesha uchungu wake. Nimelifikiria sana shauri hili. Kumwambia mtu "njoo, lakini tuzungumze" si kumfukuza; hata hivyo sitamshangaa ndugu wa mgonjwa anayeona vingine.

Kabla sijarudi kwenye wimbo wa mahafali, niwatajie mwingine wa kupimana nao. Mwaka 1993 Queen Latifah, msichana wa New Jersey, alitoa wimbo uitwao "U.N.I.T.Y.", uliompatia tuzo ya Grammy mwaka 1995. Ndani yake limo lile tusi ambalo wanawake hutukaniwa, na analirudia, kwa sababu anamgeukia mwanamume aliyemtamkia na kumtaka ajieleze. Anataja kushikwashikwa barabarani na kupigwa nyumbani. Kwa kipimo chetu cha uchafu, mlezi wa vijana angeuzima wimbo huo mara moja, na ule wa R. Kelly angeuacha uendelee.

Sasa sikilizeni habari ya R. Kelly. Mwezi Agosti 1994, akiwa na umri wa miaka 27, alifunga ndoa na mwimbaji Aaliyah, binti wa miaka 15; hati ilidanganya kwamba ana miaka 18, na ndoa ikabatilishwa baadaye. Miaka miwili baada ya hapo ndipo alipotoa wimbo ule wa kuruka angani. Mwezi Desemba 2000 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapa habari za wasichana waliodai kwamba amewaharibu. Mwaka 2002 alishtakiwa kwa sababu ya kanda ya video iliyomwonyesha na mtoto. Kesi ilikawia miaka sita. Msichana mwenyewe hakufika kutoa ushahidi, na mwaka 2008 jopo likamwachilia. Kwa muda wote huo santuri ziliuzwa, maonyesho yalijaa, na wengi katika jamii ya Weusi walisema kwamba huyu naye ni mwanamume Mweusi anayewindwa na mahakama za Wazungu. Hofu hiyo ilikuwa na msingi katika historia yao. Lakini wasichana walioumizwa nao walikuwa Weusi, na hakuna aliyewahesabu upande wowote.

Waliolitikisa jambo hili walikuwa wanawake Weusi. Mwaka 2017 Kenyette Barnes na Oronike Odeleye wa Atlanta walianzisha kampeni ya kumnyamazisha katika redio na kumbi. Mwezi Januari 2019 ikaonyeshwa filamu ya mfululizo iliyosimamiwa na dream hampton, ambamo wanawake wengi walisimulia mambo yao kwa nyuso wazi. Katika filamu hiyohiyo alihojiwa mmoja wa wajumbe wa jopo la mwaka 2008. Alieleza kwamba hakuwaamini mashahidi wa kike, kwa sababu ya jinsi walivyovaa na jinsi walivyojiweka.

Hapo, ndugu waamini, niliiweka chini karatasi niliyokuwa nikiandikia. Huyo Yezebeli aliyetungwa zama za utumwa, akachezwa jukwaani, akauzwa katika santuri na video, ndiye aliyesimama kizimbani mahali pa wale wasichana. Mjumbe yule hakuhitaji kuwachukia. Alikuwa amekwisha kuonyeshwa maisha yake yote kwamba mtu wa sura ile hadhulumiki.

Mwezi Septemba 2021 jopo la New York lilimwona R. Kelly ana hatia ya kuendesha mtandao wa uhalifu na kuwatumikisha wanawake kingono, na mwezi Juni 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo, katika kesi ya pili huko Chicago, msichana wa ile kanda ya video, sasa mwanamke mtu mzima, alisimama mahakamani akasema kwamba ni yeye, na kwamba alikuwa na umri wa miaka 14. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20.

Mtaniuliza, je, tuukataze wimbo ule katika mahafali? Mimi siuimbi tena, lakini sitaomba Tume itoe waraka. Naogopa tukitoa waraka tutaridhika, turudi nyumbani tukijiona tumetenda haki. Kuna jambo lingine linalotungoja kabla ya chakula cha mchana, na Mwenyekiti ameniruhusu kulitaja bila majina.

Katika parokia mojawapo ya zile tunazozihudumia, binti wa miaka 16 aliandika barua juu ya mwalimu wa kwaya yake. Mwalimu huyo ni hodari, kwaya yake imetoa kanda mbili, na nyimbo zake ni safi kabisa. Barua ilipofika kwenye kikao cha kwanza, maswali yaliyoulizwa yaliandikwa na katibu, nami nimeyasoma. Lililoulizwa kwanza ni kama binti huyo huvaa suruali. La pili lilikuwa ni nani aliyemfundisha kuandika barua. Mwalimu bado anafundisha kila Jumatano na Jumamosi jioni. Binti ameacha kwenda kuimba. Barua imo ndani ya jalada lililo mbele ya Mwenyekiti, na ndilo shauri la pili katika ajenda yetu ya leo.

Ndugu Mwenyekiti, nakurudishia nafasi.